Kebo ya Kambale Mwingine

Butembo, Jumamosi, saa kumi na moja jioni.

Ukungu haujaondoka mtaani kwetu Rughenda tangu asubuhi, na mvua ya leo ni ile ya kwetu: haipigi kelele, haina haraka, lakini ikifika jioni imekulowesha hadi mifupa. Nimevaa koti ndani ya nyumba. Nina hasira.

Nina hasira ya mtu aliyesoma, nayo ni mbaya kuliko hasira nyingine, kwa sababu kabla ya kutoka nje huwa imekwisha kujiandalia hoja, ushahidi na hitimisho. Kwa siku tatu nimekuwa na hoja nzuri sana. Leo zimeniangukia kichwani moja baada ya nyingine, na hasira bado ipo. Naandika ili ipate pa kukaa.

Nianze na mayai, kwa kuwa bila mayai haya yote yangekuwa mchezo wa kijana na mashine yake.

Mjini Beni yuko mama mmoja Mwislamu, jirani wa shangazi yangu, tunamwita Mama Aziza. Anauza vitambaa sokoni, lakini kinachompa heshima mtaani ni kuvezi, yaani mashine ya kuangulia vifaranga: sanduku la mbao lenye taa nne za kutoa joto na trei tatu, kila trei mayai sitini. Mayai si yake. Ni ya wanawake waliokimbia vita na kuacha mashamba yao upande wa Mangina, ambao sasa wanajibana katika vyumba vya kupanga na wanataka kuanza upya na kuku, kwa kuwa kuku hahitaji shamba. Kila mmoja huleta mayai aliyoyakusanya, tisa, kumi na mawili, ishirini, na juu ya kila yai huchora alama yake kwa kalamu ya risasi: msalaba, duara, herufi, mwezi mdogo. Vifaranga vikitoka, maganda ndiyo yanayosema kila mmoja anastahili vingapi. Hakuna aliyewahi kugombana. Nimeona vyama vyenye mihuri mitatu visivyoweza kufanya hivyo.

Jumatatu, siku ya nane ya mayai yale, kifaa kinachopima joto na kuziwasha au kuzizima taa kiliungua. Tangu hapo Mama Aziza amekuwa yeye mwenyewe kile kifaa. Kibanda chake sokoni kimefungwa. Ameketi mbele ya sanduku na kipimajoto mkononi. Joto likipanda anazima, likishuka anawasha, na umeme ukikatika anaingiza bidoni, yaani madumu, za maji ya moto. Yai la kuku halijui kujadiliana. Linataka nyuzi thelathini na saba na nusu mchana na usiku, na ukilipatia thelathini na tatu kwa muda mrefu, linakufa bila kukuaga.

Shangazi alimwambia kwamba mtoto wa kaka yake ana digrii ya elektroniki. Mama Aziza akanipigia siku ileile. Nakumbuka nilivyomjibu, na leo maneno yangu yananichoma masikio: “Tulia, Mama. Nitaipa mashine yako akili.”

Akili. Nilitamka hivyo hasa.

Nilichohitaji kilikuwa kadi moja tu. Naieleza kwa wasomaji wasioijua: ni kibao kinachoenea kiganjani, chenye chipu ambayo unaiandikia maagizo kwenye kompyuta, unayapeleka kwa kebo, kisha unachomoa kebo na kibao kinayatekeleza peke yake maisha yake yote. Pima joto, likizidi, zima, likipungua, washa. Kihisi joto nilikuwa nacho, swichi ya kuongozea taa nilikuwa nayo. Kadi yangu ya zamani iliungua wakati wa mtihani wa mwisho. Binamu yangu aliyeko Kampala akanunua mpya Jumatatu jioni na kuitia katika gari la asubuhi. Ikapita Kasindi mpakani, ikapita Beni kwenyewe, mbele ya pua ya Mama Aziza, ikaja mpaka huku juu Butembo, kwa sababu kompyuta yangu ni ya mezani na haisafiri.

Alhamisi nikaenda kuichukua katika wakala wa magari kule Kimemi. Boksi lilikuwa limefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi ya karatasi ya kahawia, ambayo binamu yangu hakuitumia. Nilimuuliza karani, mzee mmoja mpole aitwaye Papa Saidi, kama lilifunguliwa forodhani. Akasema inawezekana.

Hilo lilinitosha. Nilirudi nyumbani mvua ikininyeshea, nikiwa tayari nimekwisha kutunga sentensi ya kwanza, na kabla sijavua viatu niliweka hapa bloguni makala kuhusu dola inayofungua vifurushi vya raia wake lakini haiwezi kufungua barabara zao. Mliisoma. Mliisoma kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Mama Aziza alipouliza kwa simu kwa nini kadi ilichelewa, nilimweleza habari za forodha kwa ufasaha uleule.

Kisha nikaichomeka kadi kwenye kompyuta.

Taa ndogo nyekundu ikawaka. Pembeni yake nyingine ya rangi ya chungwa ikaanza kupepesa, kila sekunde mara moja, kama mtu anayekonyeza. Nilifurahi. Kadi ilikuwa hai. Lakini kompyuta haikusema kitu. Ule mlio mdogo wa kukaribisha kifaa kipya haukusikika. Katika programu ya kuandikia maagizo, mahali ambapo jina la mlango lilipaswa kuonekana, palikuwa peupe.

Nilijua sababu, bila shaka. Kadi za bei ya chini zina chipu tofauti ya mawasiliano, nayo inahitaji pilote yake, yaani programu ndogo inayoifundisha kompyuta kusikia lugha ya kadi. Nikapakua pilote kwa intaneti ya simu, inayokwenda kwetu kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Nikaisakinisha. Peupe. Nikazima kompyuta, nikawasha. Peupe. Nikajaribu tundu la nyuma, la mbele, la pembeni. Nikabonyeza kitufe cha kadi hadi kidole kikapata alama.

Taa iliendelea kunikonyeza.

Ijumaa nilianza upya kwa utaratibu wa kisayansi. Niliondoa programu zote, nikapakua zote upya. Nilisoma mijadala ya watu wa nchi nne kwa lugha tatu. Niliandika kwenye daftari kila dhana na kila jaribio. Dhana ya kwanza: kompyuta. Ya pili: pilote. Ya tatu: chipu bandia. Ya nne: waliofungua boksi waliiharibu kadi. Niliipenda ile ya nne. Nilikuwa nimekwisha kuiandikia makala.

Mama yangu alipita mlangoni na sahani ya sombe, kisamvu cha kwetu, akaitazama ile taa, akanitazama mimi.

“Si uende kwa Katungu?” akasema.

Katungu nilisoma naye shule ya msingi. Aliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari, na sasa anatengeneza simu kwenye meza moja chini ya veranda ya duka kule Kimemi, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

“Mama, hii si simu.”

“Iko na kamba, iko na taa. Katungu anajuaka bya kamba na bya taa.”

Nilimweleza tofauti kati ya kutengeneza simu na kuandaa mfumo wa udhibiti. Nilimweleza kwa upole, nadhani. Aliniacha na sahani.

Niungame jambo lililofuata, kwa kuwa hilo hakuna anayelijua. Alasiri ile ya Ijumaa, wakati programu ikishuka kwa mara ya tatu, sikuwa nikifikiri juu ya joto wala mayai. Nilikuwa nikijibu maoni yenu chini ya ile makala. Mmoja wenu aliandika kwamba nchi ingekuwa na vijana kumi kama mimi ingekuwa mbali. Nilimjibu kwa aya tatu.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Katungu. Sikwenda kumuuliza, nilikwenda, hivyo ndivyo nilivyojiambia, kujaribu kadi kwenye kompyuta nyingine, kwa kuwa yeye ana laptopu kuukuu anayoingizia simu programu. Nilimkuta amevaa kofia ya sufi, mbele yake simu saba zilizofunguliwa matumbo.

“Ah, enjeniere! Leo umepotea njia?”

Nikaanza kumweleza tatizo kwa mpangilio: dalili, mazingira, dhana nne. Nilikuwa nimefika kwenye dhana ya pili alipochukua ile kebo mkononi mwangu. Hakuigusa kadi. Aliiviringisha kebo kati ya kidole gumba na cha shahada, kama mama anayechagua maharagwe sokoni.

“Hii kable inakulaka tu,” akasema. “Haisemake.”

“Maana yake nini?”

“Iko kable ya kula, na iko kable ya kusema. Hii iko nyembamba, iko na nyuzi mbili tu, ya moto na ya baridi. Inapitisha courant, basi. Ya kusema iko na nyuzi ine. Weye ulitaka hizi mashini zizungumuze, mais uliziwekea kinywa bila ulimi.” Akacheka. “Siku ngapi?”

“Nini siku ngapi?”

“Uko unahangaika nayo.”

Nilisema tangu jana. Ilikuwa tangu juzi.

Alichomoa kebo nyingine katika boksi la biskuti, nene, chafu, imefungwa plasta shingoni, akaichomeka. Laptopu ikalia ule mlio. Mlango ukaonekana. Alibonyeza mara mbili, akapeleka programu ya majaribio, na taa ya rangi ya chungwa ikabadili mwendo wake mbele ya macho yangu, upesi upesi, kwa amri yake Katungu. Hata hakuketi. Nilifundishwa miaka mitano kuhusu kebo ile. Najua jina la kila uzi, rangi yake, volti zake. Najua kwamba mbili ni za umeme na mbili za data. Ningeweza kuandika ukurasa mzima, na nadhani katika mtihani mmoja niliuandika. Lakini hakuna aliyenifundisha kuishika kati ya vidole viwili.

“Peleka,” akasema, akinipa kebo yake. “Rudisha leo, mbele sijafunga meza. Na salimia mama.”

Hapa ndipo mtu mwenye akili angerudi nyumbani.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Nilikuwa na kadi nzima, kebo inayosema, na maagizo niliyoyaandika tangu Jumanne yakisubiri tu kupelekwa. Nilihitaji saa moja ya kazi na saa mbili za kujaribu. Lakini swali moja lilikataa kuniacha: ile kebo bubu ilitoka wapi? Nikampigia binamu yangu. Akaapa kwamba alinunua kadi na kebo yake ya bluu, fupi, nene, zote zikiwa ndani ya mfuko mmoja. Yangu ilikuwa nyeusi. Basi walinibadilishia! Hawakufungua tu, waliiba, na wakadhani sisi ni watu tusioweza kutofautisha nyeusi na bluu. Dhana yangu ya nne ilifufuka ikiwa na meno. Nikashuka kwenda kwa wakala wa magari kutafuta uthibitisho wa maandishi.

Papa Saidi alikuwa akinywa chai. Niliweka kebo nyeusi juu ya kaunta yake kama kielelezo mahakamani, nikadai kuona daftari la mapokezi na jina la ofisa wa forodha aliyehusika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa miwani.

“Douane gani, mutoto wangu?”

“Ulisema wewe mwenyewe kwamba walifungua.”

“Mimi? Weye njo uliniuliza: ‘Ni ba douane?’ Mimi nikasema pengine. Mutu akiniuliza na hasira, mimi ninasemaka pengine.” Akafunua daftari. “Ile boksi ilifunguliwa na Kambale.”

“Kambale ni mimi.”

“Kambale mwingine. Alikuja Kwa Tatu,” akasema, yaani Jumatano, “akaonyesha karte yake, Kambale. Boksi imeandikwa Kambale. Nikamupatia. Kesho yake akairudisha: ‘Papa Saidi, hii haiko yangu.’ Tukaifunga muzuri na gundi. Kiisha weye ukakuja.”

“Na hukuona kwamba si mimi?”

“Kambale gani? Hapa kwangu leo tu biko ba Kambale sita.” Alianza kugeuza kurasa kwa kidole. “Hawa bengine banaandika yote: Kambale na jina ya batiso, na avenue, na jina ya mama. Yako iliandikwa nini? Soma.”

Nilisoma. Kwa mwandiko wa binamu yangu, kama nilivyomwelekeza: ENJ. KAMBALE, BUTEMBO.

“Na ba enjeniere Kambale,” akasema Papa Saidi taratibu, “minajua batu bane.”

Wanaume wawili waliokuwa wakipanga mizigo walicheka hadi mmoja akaweka chini gunia. “Kambale wa Butembo!” akasema. “Ni kusema kirahi wa Lubero!” Kirahi ni kiazi, na huko Lubero viazi hulimwa kila kilima.

Lazima nieleze jambo hili kwa wasomaji wa mbali, ingawa kulieleza kunaniuma. Kwetu Wanande mtoto hapewi jina, huzaliwa nalo. Mwana wa pili wa kiume ni Kambale, kama vile siku ya pili ya juma si hiari ya mtu yeyote. Kila nyumba yenye wavulana wawili ina Kambale wake. Ndiyo maana wazee wetu waliongeza jina lingine na lingine, ili mtu aitwaye ajue kwamba ni yeye. Nikiwa na miaka kumi na tisa, baada ya kusoma vitabu kadhaa vizuri na kuvielewa nusu, nilitangaza mezani mbele ya baba kwamba jina la ubatizo ni mzigo wa wageni na sitalibeba tena. Kuanzia siku ile nimejiandika Kambale, nukta. Digrii ilipokuja nikaitanguliza mbele yake, nikaona panatosha. Hoja ile bado naiamini, kwa sehemu kubwa. Lakini sikuwahi kujiuliza gari la mizigo lingeifanyia nini.

Jina lenyewe la ubatizo ni Modeste. Mnyenyekevu. Sitaki maoni yoyote.

Papa Saidi alimtuma mmoja wa wale wanaume kumwita Kambale mwingine, ambaye karakana yake iko milango miwili kutoka pale. Alikuja fundi seremala wa miaka hamsini na kitu, vumbi la mbao likiwa kwenye nyusi, penseli nyuma ya sikio. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Aliikata kabla haijaanza.

“Ndoyi!” akasema, akinishika mkono kwa mikono miwili. Ndivyo watu wa jina moja wanavyoitana kwetu. “Njo weye? Nilikuwa nangojea lampe ya solaire, mutoto wangu wa Kampala aliniahidia. Nikafungua, nikakuta kale kaplaque na misumari yake. Nikasema: Mungu wangu, mutoto amenitumia radio bila radio.”

“Na kebo ya bluu?”

“Ya bleu?” Alifikiri kidogo. “Ah! Nilisema niijaribu ku telefone, mbele ya kuirudisha. Ikachaji muzuri. Yangu na yako zilikuwa pamoja ku meza. Pengine nilichanganya.”

“Ulichanganya!”

“Ndoyi, kable ni kable.”

“Kebo si kebo!” Nilisikia sauti yangu ikipanda mbele ya magunia yote yale. “Moja inasema na nyingine haisemi! Watu wanapoteza mayai kwa sababu yako!”

“Mayai?” Aligeuka kumtazama Papa Saidi, kisha akanirudia mimi kwa wasiwasi wa kweli. “Mayai gani ku kable?”

Mtu mzima, mwaminifu, aliyerudisha kifurushi kisicho chake bila kuombwa na yeyote, alikuwa amesimama mbele yangu akijaribu kwa nia njema kuelewa kosa lake, nami sikuwa na sentensi moja ya kumwonyesha. Asingeweza kujua. Mimi ndiye niliyepaswa kujua. Alikimbia karakanani, akarudi na kebo ya bluu aliyoifuta kwa shati lake, akaiweka mkononi mwangu. “Tusigombane juu ya kamba,” akasema. “Weye uko Kambale wa nani?”

Nilimtajia jina la baba. Kumbe ndiye aliyetengeneza meza yetu ya kulia, ile ile nilikotangaza falsafa yangu. Nilimwambia “wasingya”, asante ya kwetu, na nikatoka.

Nilipofika nyumbani, baada ya kupitia kwa Katungu na kumrudishia kebo yake, saa sita ilikuwa imepita. Saa mbili na nusu nilizitumia kutafuta mwenye hatia, na kadi ikiwa imekaa mfukoni mwangu, tayari kwa kazi.

Nikachomeka kebo ya bluu. Mlio. Mlango. Nikapeleka maagizo kwa mara ya kwanza. Yakakataliwa, kwa sababu nilikuwa nimechagua aina nyingine ya kadi kwenye orodha. Nikarekebisha. Yakapokelewa. Nikaunganisha kihisi, swichi na taa moja ya umeme, nikavifunika vyote kwa sufuria kubwa ya mama, nikakaa nikitazama namba. Thelathini na nne. Thelathini na sita. Thelathini na saba na nusu: tak, taa ikazimika. Ikashuka kidogo: tak, ikawaka. Nimeitazama saa tatu na haijakosea hata mara moja. Ni maagizo ya mistari thelathini na miwili tu. Ningeweza kuyapeleka Alhamisi kabla ya chakula cha mchana.

Saa tisa na nusu nilimpigia Mama Aziza kumwambia kwamba kila kitu kiko tayari.

Alikuwa ametoka kuyapima mayai kwa tochi, moja moja, kutazama lenye mishipa na lisilo nayo. Alinieleza kwa sauti ya mtu asiyelaumu. Jana alasiri usingizi ulimshinda. Alikuwa hajalala vizuri tangu Jumatatu, akaegemea ukuta kidogo, umeme ukakatika, na alipoamka kipimajoto kilikuwa kimeshuka chini kabisa. Kadi haileti umeme, lakini ingekuwapo, angekuwa amelala usiku, na mchana angekuwa macho na bidoni zake. Mayai arobaini na tisa yamekufa. Yamebaki mia moja thelathini na moja.

“Ya Mama Furaha, ile ya kamwezi kadogo, hakuna hata moya,” akasema. “Alinileteaka tisa. Zote zilikuwa ku trei ya chini. Sijue nitamwambia nini.”

Niliandika tisa kwenye daftari la dhana zangu.

“Mais haiko kosa yako, mutoto wangu. Weye ulijikaza. Hawa ba douane hawana roho. Bangeacha kadi yako ipite, leo tungekuwa tunacheka. Mungu atabaona.”

Nami nikasema: “Ndiyo, Mama.”

Nimekaa na maneno hayo mawili tangu wakati ule. Nimekuwa nikizunguka chumba hiki nikitafuta mtu wa kumkasirikia na orodha imekwisha. Forodha hawakuhusika, angalau safari hii. Mstari unaosema hivyo nimeuweka juu kabisa ya makala ya Alhamisi, na wale walionipigia makofi nawaomba wausome pia. Papa Saidi aliniambia nilichotaka kuambiwa. Ndoyi wangu ana mikono misafi kuliko yangu. Kiwanda kilitengeneza kadi nzuri. Bado nina hasira na shule inayompa mtu shahada bila kumpa kebo mkononi, na hasira hiyo nitaiandikia siku yake, kwa kuwa ni ya haki. Lakini si shule iliyosema “ndiyo, Mama”.

Kesho naenda Beni mwenyewe, kwa gari la kwanza. Kadi nimeifunga ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko kinachoonyesha ndani, pamoja na karatasi ya maelezo, kwa sababu kijana mwenye kisanduku cha nyaya, kinachoweza kudhaniwa bomu, kwenye kizuizi cha barabarani, katika mkoa wetu na katika nyakati zetu, lazima awe tayari kueleza upesi na kwa unyenyekevu. Hata hilo nitalifanyia mazoezi njiani.

Kuifunga kwenye kuvezi hakutachukua nusu saa. Lakini kabla sijachomeka waya hata mmoja, nitamwomba Mama Aziza amwite Mama Furaha, na wakishakaa wote wawili nitawaambia jana alasiri nilikuwa nafanya nini.